Saksafoni Mpya ya Bwana Mita

Mtu akisoma mita za maji kwa miaka kumi na tisa hupata tabia mbili. Ya kwanza ni kuogopa mbwa. Ya pili ni kuwa na jibu moja kwa kila mwenye nyumba anayekuja juu. Bwana Mita, kama walivyomwita kazini na kwenye bendi, alikuwa nazo zote mbili. Mtu akitoka na bili mkononi, mishipa imemsimama shingoni, akiapa kwamba yeye na mkewe hawawezi kumaliza maji yote hayo hata wakigeuka samaki, Bwana Mita alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari, akasema, "Mita haidanganyi, mzee." Kisha akatupa jicho langoni kuona kama mbwa bado amefungwa.

Wengine waligonga kioo cha mita kwa kidole, wakidhani mshale utaona haya na kurudi nyuma. Hao ndio waliomchekesha kuliko wote. Aliwaiga nyumbani wakati wa kula, mkewe akavunjika mbavu.

Nje ya kazi alipuliza saksafoni ya soprano katika bendi ya watu saba. Soprano ni ile saksafoni ndogo iliyonyooka, isiyo na tumbo wala shingo iliyopinda, ambayo kila harusi hutokea mjomba mmoja akauliza kama ni filimbi. Bwana Mita hakuichagua. Ilikuwa ya kaka yake. Kaka mtu ndiye aliyemkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akamwonyesha pa kuweka vidole na namna ya kuuma kipulizio, na alipokufa kwa ugonjwa, mwaka juzi, aliacha vitu vitatu: hiyo saksafoni, wimbo mmoja mzuri aliotunga mwenyewe, na mama.

Mama alihamia kwa Bwana Mita, katika chumba kilichopakana na sebule. Jioni mwanawe alipokuwa akifanya mazoezi, mama alisema kutoka upande wa pili wa ukuta, kwa sauti ya mtu anayepokea mgeni, "Kaka yako huyo." Si kwamba akili ilimruka. Akili yake ilikuwa timamu kuliko ya watu wengi wa idara ya maji, na kaburi la mwanawe alilijua lilipo. Alisikia anachosikia, basi. Naye Bwana Mita, akishaambiwa hivyo, alipuliza kwa raha mpaka midomo ikafa ganzi.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Alikwenda na saksafoni kazini ili akitoka apitilize kwenye mazoezi ya bendi. Uani akaiweka chini dakika moja tu, asaini kitabu cha kutoka, na mahali alipoiweka ni nyuma ya gurudumu la lori la maji. Dereva akarudi nyuma. Saksafoni ilitoka bapa, na mkoba wake nao bapa, na dereva alilia kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote hata ikabidi Bwana Mita amfariji yeye.

Wiki tatu baadaye mkewe, ambaye alishona mapazia pale pale nyumbani, aliweka mezani mkoba mweusi wa zipu. Ndani yake mlikuwa na soprano mpya ya bei nafuu, ya kampuni ambayo hakuna mtu kwenye bendi aliyewahi kusikia jina lake. Hakutoa hotuba. Alisema, "Si kama ile. Lakini inalia."

Bwana Mita alishukuru kwa mdomo. Zipu ilikataa kona ya pili, akaishinda kwa kuibembeleza. Ndani palinuka gundi. Palikuwa na glovu nyeupe ambazo hakuelewa ni za nani, kitambaa cha kufutia, na kopo la mafuta ya kulainisha kizibo pale kipulizio kinapochomekwa, dogo kama la wanja. Saksafoni yenyewe iling'aa kupita kiasi, dhahabu ya kujionyesha, na ilikuwa nyepesi hata akaitazama mara mbili. Vitufe vilikuwa karibu karibu na springi zake laini, ukigusa, vimeshuka. Ile ya zamani ilitaka kushindiliwa. Ndoano ya kidole gumba, ambayo ndiyo inabeba uzito wote, ilikuwa ya chuma kitupu na ukingo mkali, na baada ya nusu saa kidole kiliota alama nyekundu. Kitufe kimoja cha pembeni kilicheza kikilia chiki, chiki.

Sauti, ukimwuliza mtu asiye na kinyongo, haikuwa mbaya. Katikati ilikuwa tamu na wazi, nyembamba kidogo, kama ya mtu anayeongea ukweli kwa haraka. Chini kabisa, baada ya siku chache, ilianza kugugumia. Lakini juu, pale ambapo soprano inatakiwa kuimba, ilipiga kelele.

Siku ya kwanza alipuliza wimbo wa kaka yake mwanzo mpaka mwisho, kisha akangoja ukuta useme.

"Nani kamkanyaga paka?" mama akauliza.

Halikuwa jambo la kucheka, ingawa mkewe aligeukia dirishani mabega yakimtikisika. Siku ya pili mama hakusema neno. Siku ya tatu alifungua redio. Bwana Mita aliumia, na aliumia zaidi kwa sababu hakuwa na wa kumlaumu ila chombo.

Na wakati ulikuwa unabana. Kituo cha redio kilikuwa kimeialika bendi kurekodi wimbo wa marehemu Jumamosi ile, uchezwe Jumapili alasiri, na mama alikwishawatangazia majirani wa pande zote mbili. Bendi ilifanya mazoezi katika ghala la karakana ya samani, kati ya makabati yasiyo na milango. Wimbo ulimalizika kwa soprano na tarumbeta kupanda pamoja ngazi kwa ngazi, mpaka sauti moja ya juu, ndefu, ambayo wote wawili waliishikilia. Jumanne walipofika hapo, mpiga gitaa alikunja uso kama aliyeng'ata kokoto katika wali.

Mpiga tarumbeta, ambaye ndiye kiongozi wa bendi na rafiki wa siku nyingi wa marehemu, alishusha tarumbeta yake. "Uko juu."

"Si mimi. Ni hii."

"Basi hiyo iko juu."

Kiongozi alitoa mfukoni kipima sauti, kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye kioo na mshale. Ukipiga sauti iliyo sawa, mshale unasimama katikati. Ukizidi, unalala kulia. Alikisimamisha juu ya kabati. Bwana Mita akapuliza. Mshale ulilala kulia kama umechoka.

Bwana Mita akakisogelea, akakigonga kioo kwa kidole. "Betri hii imekwisha."

"Nimeitia leo asubuhi." Kiongozi hakupandisha sauti, alikuwa mtu wa kusema maneno magumu taratibu. "Sikiliza, ndugu yangu. Jumamosi saa nne tunaingia studio. Nilimpenda kaka yako, na wimbo wake hautatoka redioni ukiwa umepinda. Ikiwa haikai sawa, sehemu yako itapigwa na kinanda."

Mpiga kinanda, kijana mpole asiye na makosa, alitazama viatu vyake. Kinanda chake kilikuwa na kitufe cha sauti ya saksafoni. Bwana Mita alikiona kile kitufe mpaka usingizini.

Alifika nyumbani amefura. Aliutua mkoba mezani kwa kishindo na kusema, si kwa mtu yeyote, "Vitu vya bei rahisi ndivyo vilivyo." Cherehani ilikuwa ikikimbia kwenye pindo la pazia. Ikanyamaza. Kisha ikaendelea, kwa kasi kuliko mwanzo.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akaenda kwa fundi. Fundi wa vyombo vya kupuliza alikuwa mwanamke wa makamo yaliyokwishapita, mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani, na chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la baiskeli, ukipita chini ya magurudumu yaliyotundikwa. Ukutani zilining'inia tarumbeta zisizo na midomo na midomo isiyo na tarumbeta. Alikuwa akiitengeneza ile saksafoni ya kaka mtu tangu enzi hizo, na alikuja msibani na sinia lake la chai.

"Karibu mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Amefungulia redio." Akamweleza yote: paka, mshale, kinanda. Alimaliza kwa kusema kwamba saksafoni ni mbovu tangu kiwandani.

Fundi alifunga dirisha, akateremsha ndani ya bomba la saksafoni taa nyembamba iliyofungwa kwenye waya, akabonyeza vitufe kimoja kimoja akitazama kama mwanga unachungulia. Chini kabisa ulichungulia.

"Hapa. Kifuniko hiki hakikai vizuri, ndiyo maana inagugumia. Mkono wa kitufe umepinda." Alimtazama juu ya miwani. "Hii haikutoka hivi dukani. Umeishika kwa hasira. Chuma chake ni laini, usiikabe kama unanyonga kuku."

Aliunyoosha ule mkono kwa koleo iliyofungwa kitambaa, akapasha gundi ya kifuniko moto kidogo, akakikandamiza, akatia taa tena. Giza tupu. Kitufe cha chiki chiki alikiwekea kipande cha kizibo chembamba kama ganda la kitunguu. Ile ndoano ya kidole gumba akaivisha mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli kutoka duka la jirani yake.

"Imepona."

"Na huko juu je?"

Fundi alitoa kipima sauti chake mwenyewe, kikubwa, cha zamani, akakiweka mezani. Akapangusa kipulizio na kupuliza. Hakuwa mwanamuziki, sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayeita teksi. Lakini alipanda ngazi yote mpaka ile sauti ya juu, na mshale ukasimama wima katikati, haukwenda kulia wala kushoto.

Bwana Mita akaipokea saksafoni, akapuliza sauti ile ile. Mshale ukalala kulia.

Kidole chake kilikwenda chenyewe. Kilikwishagonga kioo mara mbili alipokiona mbele ya macho yake, kidole cha mwenye nyumba aliyekasirishwa na bili. Akakirudisha mfukoni.

"Kaa," fundi alisema. Alivua miwani zote mbili, jambo ambalo Bwana Mita hakuwahi kuliona. "Hili ningekwambia zamani. Unakumbuka ile ya kaka yako ilianguka jukwaani?"

"Nilikuwa bado shule."

"Ilikatika hapa juu, chini ya kipulizio. Niliiunga mimi, na niliiunga vibaya. Kiungo kilitoka kirefu, unene wa kucha hivi. Sauti za juu zote zikashuka. Nikamwambia kaka yako niachie siku mbili niikate upya. Akasema ana harusi jioni ile, atazivuta sauti juu kwa meno. Akazivuta. Nikamwambia airudishe kesho yake. Mpaka leo." Aliinua mabega. "Akazoea kung'ata. Halafu akakufundisha wewe."

Kwa pembeni mtu alikuwa akijaza upepo gurudumu.

"Kwa hiyo nang'ata..."

"Unarekebisha kosa ambalo halipo, mwanangu. Kosa lilipondwa na lori. Legeza taya. Midomo iwe mto, si koleo. Hiyo saksafoni ni ya bei nafuu, haina makuu, sauti yake haitajaza uwanja. Lakini imenyooka. Iache ipige."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Mwenyewe alidhani ule mng'ato ulikuwa ufundi wa nyumbani kwao, siri ya kaka mtu, kitu ambacho wapulizaji wengine hawana. Kumbe ulikuwa ukarabati. Hilo lilimtia aibu, lakini aibu haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa hofu. Saksafoni ya kaka yake ilikuwa imekwisha kuwa bati, sauti yake imezikwa, na mahali pekee ambapo kaka mtu alikuwa bado anaishi ni hapo, katika taya la mdogo wake. Akililegeza, nani atabaki? Na mama atasikia nini?

Ijumaa alifanya mazoezi kwenye meza ya mkewe, kati ya mikasi na vitambaa, kipima sauti alichoazimwa na fundi kikiwa kimeegemea kopo la vifungo. Aliyelegeza taya miaka ishirini na mitano baada ya kufundishwa kulibana ni sawa na aliyeambiwa atembee kwa mikono. Sauti ilivunjika, ikakohoa, ikatoa mate. Kisha mazoea yakamshinda, akang'ata, na mshale ukaenda kulia. Aliinua kidole.

Mkewe alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, hakuinua hata kichwa. "Mita haidanganyi, mzee."

Walitazamana. Bwana Mita ndiye aliyeanza kucheka, na alicheka mpaka akaketi juu ya pazia la mtu. Alipotulia akasema, "Nilisema maneno ya ovyo juzi. Saksafoni haina kosa."

"Najua haina kosa. Nilimchukua fundi twende naye dukani aipulize kwanza. Unadhani ningenunua bomba kwa macho?"

"Na hukuniambia?"

"Ungesikia?" Akauma uzi, akaukata. "Puliza bwana, nina pindo la kumaliza."

Studio ilikuwa chumba kilichofunikwa mablanketi mpaka darini, chenye joto la kumtoa mtu jasho hadi nyayoni. Kijana wa mitambo aliwapanga, akamweka Bwana Mita mbele ya kipaza sauti kimoja na mpiga tarumbeta. Wimbo ulikwenda. Mwanzo wake ulikuwa wa soprano peke yake, akaupiga kama ulivyo, sauti nyembamba, wazi, kidole gumba kikiwa kimetulia juu ya mpira wa baiskeli. Walipoanza kupanda ngazi, alisikia meno yakitaka kufunga, meno ya kaka yake hasa, na alijua kwamba akiyaachilia yafunge, angalau mara hii ya mwisho, angemsikia. Mpiga tarumbeta alikuwa akimtazama.

Akalegeza taya.

Sauti ya juu ilitoka, na mara moja akadhani imekatika, kwa sababu hakujisikia tena. Alisikia tarumbeta tu, imenona kuliko kawaida. Ilimchukua muda kutambua kwamba yeye yumo ndani yake. Waliishikilia mpaka pumzi ikaisha. Kijana wa mitambo akainua kidole gumba nyuma ya kioo. Kiongozi wa bendi alipangusa mdomo akasema neno moja, "Imekaa," na mpiga kinanda akapiga makofi kuliko wote.

Bwana Mita alikausha saksafoni yake kwa kitambaa, taratibu, akabembeleza zipu. Kwenye ngazi za nje alilia kidogo. Kiongozi alijifanya anatafuta funguo.

Jumapili, dakika kumi kabla ya saa tisa, mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, redio mapajani, antena imeelekezwa dirishani. Mke wa Bwana Mita alikaa kwenye kigoda. Bwana Mita hakuweza kukaa. Alisimama mlangoni na soksi zake, akaegemea ule ukuta ambao mama alizoea kusemea nyuma yake. Mtangazaji alitaja bendi, akamtaja marehemu, akakosea kidogo, mama akamsahihisha kwa sauti.

Soprano ikaanza peke yake.

Mama aliinamisha kichwa upande wa sikio zuri. Bwana Mita alimtazama mdomo. Alingoja yale maneno matatu ya kila siku, huku akijua hayatakuja, maana aliyepiga pale hakuwa na jino hata moja la kaka yake. Ngoma ikaingia, gitaa likaingia. Mama alikunja uso, akaukunjua. Alikuwa akisikiliza kama mtu anayesoma barua ya mwandiko asioujua.

Halafu akasema, "Wewe huyo."

Bwana Mita akaingia hatua moja. "Mama, nisamehe, ile ya zamani ilikuwa..."

"Yule namjua. Nimemsikia miaka mingi, hata humu ndani, ukinipulizia wewe." Aliongeza sauti ya redio bila kumwangalia. "Nyamaza sasa. Nakusikiliza."